Kibendera Hakikupanda

Jumamosi ya mwisho wa mwezi duka la miwani lilijaa hadi mlangoni. Walikuwapo wazee waliosahau wamefuata nini, kina mama waliojaribu fremu bila nia yoyote ya kununua, na mtoto aliyeangua kilio kwa sababu kakatazwa kulamba kioo. Katikati ya rabsha hiyo aliketi mwanamke mrefu, nywele kazikata karibu na ngozi, suti ya mazoezi ya kijani kaifunga zipu mpaka kooni, raba nyeupe pee. Uso alikuwa ameukunja tangu alipoingia, maana hakukubali kwamba macho yake yana kasoro. Aliamini simu za siku hizi huandikwa kwa herufi ndogo makusudi, kuwakomoa watu wazima.

Watu wa rika lake walimjua kwa jina la Komeo. Enzi zake alikuwa beki wa kati na nahodha wa timu ya wanawake, na mshambuliaji aliyefika kwake alikuwa amefika penye mlango uliofungwa kwa ndani. Sasa alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya wasichana, na goti lake la kulia lilimpa habari za mvua kabla ya redio.

"Anayefuata!" sauti iliita kutoka nyuma ya pazia.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo: kiti kimoja, taa yenye shingo ndefu, ubao wa herufi ukutani. Mpima macho alivaa koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi, tai ya bluu, na juu ya nyusi ya kushoto alikuwa na kovu lililompa sura ya mtu anayeshangaa kidogo.

"Funika jicho la kushoto, mama. Nisomee mstari wa tatu."

"Mimi si mama yako."

"Funika jicho la kushoto, dada."

Komeo akafunika. Akasoma mstari wa tatu, akasoma wa nne, na kwa ujeuri akasoma hata wa sita. Ndipo yule bwana alipotoka penye taa kuelekea ubaoni. Hakutembea kama watu wanavyotembea. Alikwenda kwa ubavu, uso kaukaza mbele, mguu mmoja ukifukuza mwenzake bila kupishana. Komeo aliteremsha mkono usoni taratibu. Katika maisha yake alikuwa ameona aina moja tu ya binadamu wanaotembea hivyo, nao hushika kibendera.

"Wewe!" alisema.

Mpima macho alisimama. "Mimi," alijibu. Yeye alikuwa ameshamtambua tangu pale mlangoni.

"Wewe ndiye unayepima watu macho? Wewe? Nani alikupa cheti, kipofu mwenzio?"

"Mstari wa saba, tafadhali."

Komeo alisimama, akalivuta pazia kwa nguvu hata pete zake zikalia. "Jamani! Mnamjua mtu huyu anayewauzia miwani? Huyu ndiye wa ile fainali! Mshambuliaji kaotea peke yake kama mlingoti wa taa, mchana kweupe, na huyu hakumwona!"

Mzee mmoja mwenye kofia aliivua fremu aliyokuwa akiijaribu, akairudisha kwenye rafu kama kitu kilichotoka jalalani. "Ndiye yule?" aliuliza, akatoka bila kungoja jibu. Kina mama wawili wakatoka nyuma yake. Mpima macho aliwatazama wakiondoka, kisha akageuka na kuandika vipimo.

"Mbali uko sawa kabisa," alisema kwa utulivu uliomkera Komeo kuliko tusi. "Kasoro yako ni karibu. Kitu kilicho chini ya pua yako hukioni. Miwani itakuwa tayari Jumatano."

"Siitaki!"

"Umeshailipia mlangoni."

Kwa asiyejua, kisa kilikuwa hiki, kama kilivyosimuliwa vibarazani na redioni kwa miaka ishirini. Fainali ilikuwa inakwisha, hakuna aliyefunga. Wapinzani walimimina krosi, Komeo akajitupa chini, akauzuia mpira, goti likagonga mlingoti wa goli. Mpira ukawarudia wapinzani. Mabeki wote wakatoka mbio kwenda juu, mikono hewani, wakimwacha mshambuliaji peke yake na kipa. Kila mwenye macho uwanjani aliona ameotea. Mshika kibendera wa upande wa kushoto alisimama, kibendera chini, kama mtu anayengoja basi. Goli. Komeo alitoka kwa machela na hakucheza tena. Mshika kibendera alitoka chini ya ngao za polisi, viatu vikimnyeshea.

Tangu hapo Komeo alikuwa na kazi mbili, kufundisha wasichana mpira na kumchukia mtu mmoja. Ya kwanza aliwahi kuugua akaikosa. Ya pili hakuikosa hata siku moja.

Jumatano simu ililia akiwa jikoni na mama yake, mkunga mstaafu mwenye ulimi wa wembe.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Duka la miwani. Miwani yako iko tayari."

"Itie mfukoni uipige nyundo."

"Nyundo tunatoza ziada."

Komeo alikata simu haraka, maana kicheko kilikuwa kimeshafika kooni na hakutaka kimtoke.

"Nani huyo?" mama aliuliza.

"Mtu wa matangazo."

"Mtu wa matangazo ndiye anayekufanya umenye kitunguu kilichokwisha menywa?"

Kesho yake alikwenda. Alivaa gauni la zambarau na viatu vya wazi, na mama alipomtazama juu mpaka chini, Komeo akasema suti ya mazoezi haijakauka. Ilikuwa kavu kabatini, imekunjwa. Dukani alisimama mbele ya kaunta kama askari. Mpima macho alimvisha miwani kwa vidole viwili, akairekebisha nyuma ya masikio bila kugusa ngozi.

Komeo akaona. Alitarajia kuona uso wa mwizi. Badala yake aliona mwanamume mwenye kucha safi, mvi chache masharubuni, na macho ya mtu aliyezoea kutukanwa na akaamua kuendelea kula na kulala. Alikuwa mzuri. Jambo hilo lilimuudhi mno.

"Inabana," alisema.

"Haibani."

"Unabishana na sikio langu?"

"Nabishana na mdomo wako. Sikio halijasema kitu."

Juma lililofuata alirudi, skrubu imelegea. Lililofuata tena, skrubu ya upande wa pili. Mara ya tatu mpima macho aliiweka miwani chini ya taa, akachukua bisibisi yake nyembamba, akaiangalia skrubu kwa muda.

"Hii imelegezwa kwa ncha ya kisu."

"Unaniita mwongo?"

"Nakuita mteja. Lete."

"Na mwakani ikilegea?"

"Nahodha," alisema bila kuinua kichwa, "ukitaka kuniona, piga simu. Utaumaliza uzi wa skrubu."

Basi wakaanza kupigiana simu. Nani aliyeanza, kila mmoja alimsingizia mwenzake. Komeo alipiga kutoka ukingoni mwa uwanja wa shule, filimbi shingoni, akiwafokea wasichana kwa upande mmoja wa mdomo na kumchokoza yeye kwa upande wa pili.

"Kipofu wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umegombana na nani leo?"

"Na mwalimu mkuu, dereva wa basi la shule, na mama."

"Mimi nimebaki nyuma hivyo?"

"Wewe nakuwekea zamu ya jioni, mpenzi."

Yalikuwa mapenzi ya watu wazima wenye meno. Walipokwenda kula waligombana juu ya meza ya kukaa. Walipokwenda kutembea waligombana juu ya mwendo, yeye akilalamika kwamba bwana anakwenda kwa ubavu kama kaa, bwana akilalamika kwamba bibi anampanga kila anapopita, "songa kushoto, rudi, ziba hapo." Lakini mkono wake Komeo hakuutoa mkononi mwa mwenzake hata walipokuwa wamenuniana, na watu waliowapita walidhani ni ndugu wanaopelekana hospitali.

Sharti aliliweka Komeo, mapema kabisa, kwenye benchi la bustani. "Moja tu. Usinieleze chochote juu ya ile fainali. Ukifungua mdomo kujitetea, nimeondoka."

Mpima macho alimgeukia. "Una hakika hutaki kusikia?"

"Nina hakika."

"Haya. Na mimi langu moja. Kila mwaka redio wanakuita, kila mwaka unanianika. Usinitaje tena hewani."

"Nimekubali."

"Apa."

"Naapa kwa goti langu."

Hapo wote wawili walikosea, Komeo hasa, kwa kudhani mtu akinyamaziwa jambo basi limekwisha.

Siku ya kumpeleka kwa mama, mpima macho alivaa shati la samawati na kubeba machungwa. Mama alimkaribisha, akamketisha karibu na dirisha, akamtazama jinsi alivyokuwa akiwatazama wajawazito waliodanganya tarehe.

"Kovu hilo la nini, baba?"

"Kiatu, mama. Cha mwanamke. Kilikuwa na kisigino cha mbao."

"Cha rangi gani?"

"Chekundu."

Mama alimimina chai hadi ikafika ukingoni, bila kumwaga tone. "Nilikitafuta sana kile kiatu," alisema. "Cha pili ninacho mpaka leo. Ukimliza binti yangu, nacho utakionja."

Komeo alicheka mpaka akashika mbavu. Mpima macho naye alicheka, lakini mkono wake ulipanda kwenye kovu wenyewe, na mama aliuona.

Kisha ikaja siku ya kumbukumbu ya fainali. Redio ikamwita Komeo. Mtangazaji alikuwa kijana mwenye sauti ya mafuta na shati lenye maua makubwa, na nyuma ya kioo cha studio walijazana mashabiki waliokuja na jezi za zamani zilizogoma kufunika matumbo. Komeo alikuwa ameshamwambia mpenzi wake kwenye simu: "Leo nawazungumzia wasichana wangu tu."

Na kweli aliwazungumzia, mpaka kijana alipoona wasikilizaji wanasinzia.

"Nahodha, mwaka ule mlishindwa au mlinyang'anywa?"

"Hayo yamepita."

"Yamepita?" Kijana alijifanya kushtuka. Nyuma ya kioo mtu alizomea. "Maana huku mtaani tunasikia unaonekana na bwana mmoja. Bwana wa miwani. Wanasema Komeo limefunguliwa! Ni kweli nahodha wetu anakula meza moja na aliyetuua?"

Nyuma ya kioo wakaangua kicheko. Komeo aliwatazama watu wale waliomwimba kwa miaka ishirini, akawaona wanamcheka, na damu ikampanda kichwani. Angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusema si kazi yenu. Akachagua la tatu, lile baya.

"Mimi? Mtu yule simjui," alisema. "Na acheni kumwita kipofu. Aliona vizuri sana. Alihongwa ili asione."

Kioo kilitetemeka kwa makofi.

Katika duka la miwani redio ndogo ilikuwa juu ya rafu. Mteja aliyekuwa kitini alisoma mstari wa tano, akasoma wa sita, hakuambiwa aache. Alipogeuka alimkuta mpima macho ameshika waya wa redio, ameung'oa ukutani, anautazama.

Komeo alipiga simu kabla hajafika nyumbani.

"Kipofu wangu, sikiliza—"

"Usiniite hivyo."

"Yule kijana alinichokoza! Hukusikia walivyonicheka?"

"Nilisikia yote. Miaka hii yote uliniita kipofu, nikasema haya, upofu ni ugonjwa. Leo umeniita mwizi. Na kabla ya hapo umesema hunijui."

"Basi jitetee! Kama hukula chochote, kwa nini hukuinua kibendera?"



"Ulinikataza kusema," alijibu.

"Sasa nakuruhusu!"

"Sasa sitaki." Akakata.

Siku zilizofuata Komeo alijaa kisirani. Aliwakimbiza wasichana uwanjani mpaka wakamwombea augue. Alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe wa matusi, akatuma mwingine wa kuomba radhi kwa matusi, akatuma wa tatu kuufuta ule wa pili. Mama alikipaka rangi kiatu chekundu, akakiweka sebuleni, kisha akasema, "Sijui nimpige nacho yeye au wewe."

Mwisho Komeo alimwendea Gundi. Gundi alikuwa kipa wao, mikono yake haikuachia mpira, ndipo jina likamkaa. Sasa alikuwa na saluni, mwili umejaa, mikono ileile ikisuka watu. Komeo aliingia akiongea.

"Shoga, huyo mwanamume kaninunia kwa sababu nimesema kweli! Eti kauli inamuuma! Mtu umeiuza mechi, halafu—"

"Kaa," alisema Gundi.

"Sikai. Wewe ulikuwa golini, ulimwona yule mshambuliaji alivyootea—"

"Hakuotea."

Mteja aliyekuwa anasukwa aligeuza kichwa, Gundi akakirudisha mbele kwa kiganja.

"Umesemaje?" Komeo aliuliza.

"Nimesema kaa. Sasa nijibu, na usipige kelele. Krosi ilipokuja wewe ulifanya nini?"

"Nilijitupa, nikauzuia."

"Ukaishia wapi?"

"Chini. Kwenye mlingoti."

"Upande gani wa mlingoti?"

Komeo alifungua mdomo. Alikumbuka maumivu, alikumbuka nyasi. Alikumbuka kamba za wavu zikimkwaruza shavu. "Nyuma," alisema. "Niliteleza nikapita mstari. Nilikuwa nje ya uwanja, Gundi. Aliye nje hahesabiwi."

"Anahesabiwa. Beki akitoka bila ruhusa ya mwamuzi anahesabiwa kama yuko juu ya mstari wa goli. Mimi golini, mmoja. Wewe mstarini, wa pili. Wawili nyuma ya mshambuliaji, mchezo halali. Mimi nilikuja kuijua sheria hiyo baadaye, kwenye mafunzo ya makipa. Yule bwana aliijua palepale. Nilimwona akikutazama. Uwanja mzima unautazama mpira, yeye anakutazama wewe."

"Lakini mabeki walitoka! Kwa nini watoke wote kama mimi niko nyuma?"

Gundi aliacha kusuka. "Ile sauti ya 'Tokeni' ilikuwa ya nani?"

Komeo alikaa. Hakuna aliyewahi kuwatoa mabeki wale ila yeye. Mazoezini alikuwa amewakaririsha wasisikie la kocha wala la kipa: akisema "Tokeni" wanatoka, mkono juu, bila kutazama nyuma. Alikuwa amelala nyuma ya wote, goti limesagika, na mdomo ukafanya kazi yake ya kila siku. Aliwapanga wote, akajisahau mwenyewe.

"Mlijua," alisema. "Timu nzima."

"Tulikuja kujua, mmoja mmoja."

"Mkaniacha nimtukane mtu miaka yote?"

"Ulikuwa huna goti, huna mpira, huna kazi!" Gundi naye alipandisha sauti. "Ulibaki na hasira tu. Tukuchukulie na hiyo? Usinikodolee macho. Na mimi nalala vibaya siku zote za kumbukumbu."

"Sitakusamehe."

"Usinisamehe. Nenda kamwombe msamaha yeye kwanza, kisha rudi tununiane vizuri."

Komeo alitoka bila kuaga. Barabarani alilia kwa sauti, kama mtoto, na watu wakampisha. Jina lake lote lilikuwa limesimama juu ya neno moja, tulinyang'anywa. Kwa neno hilo alialikwa harusini, alishikwa mkono sokoni, alipata kazi shuleni. Akiliondoa, hakujua atabaki nani.

Akaenda redioni. Hakuitwa, alikwenda mwenyewe, na yule kijana wa maua akafurahi maana alidhani anakuja kuongeza. Komeo alivaa suti ya mazoezi ya kijani, zipu mpaka kooni. Akasimulia yote: krosi, mlingoti, kamba za wavu shavuni, "Tokeni." Akaieleza sheria polepole, kama anavyowaeleza wasichana wa kidato cha kwanza.

"Goli lilikuwa halali," alimalizia. "Mshika kibendera aliona sawa na hakuhongwa na mtu. Lile la hongo nilitunga mimi, studio hii hii. Na namjua. Ni mtu wangu, kama bado anataka."

Kijana alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akafungua simu. Afadhali asingefungua. Wa kwanza alimwita msaliti. Wa pili aliuliza amelipwa na nani. Wa tatu alisema maneno ambayo ilibidi yakatwe. Kisha akaja mwanamke mmoja, sauti ya chini, isiyo na hasira hata kidogo.

"Baba yangu amekufa akiamini tulinyang'anywa. Alikuwa akiisimulia kila tukikaa. Leo nimwambie nini?"

"Niwie radhi, dada," Komeo alisema.

Alipotoka, wale wa jezi za zamani walikuwa ukumbini. Walimpa kisogo mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyemshika mkono. Shuleni wasichana walimngoja wamejipanga kimya. Nahodha wao, mdogo wa umbo na mkubwa wa mdomo, ndiye aliyethubutu.

"Kocha, kwa hiyo uliwapanga wote ukajisahau?"

"Ndiyo. Na wewe jana umefanya hivyohivyo. Kimbieni."

Jumamosi duka la miwani lilikuwa limejaa tena. Nusu ya waliokuja walikuja kumtazama tu mtu aliyetukanwa bure, na hawakununua kitu. Mzee mwenye kofia alikuwapo, amevaa ileile fremu aliyoirudisha, anajiangalia kiooni kana kwamba hajawahi kuondoka. Komeo alijipanga kwenye foleni kama wengine. Watu walimtambua, wakanong'ona, mmoja akamkanyaga raba makusudi. Akanyamaza, jambo ambalo mama yake asingeliamini.

"Anayefuata!"

Aliketi kitini. Mpima macho alimwona, akazima taa, akaiwasha tena.

"Umekuja kufanya nini?"

"Karibu sioni."

"Una miwani."

"Bado sioni."

"Usinichezee!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti, na nyuma ya pazia kila mtu alishtuka. "Unafikiri ukisema redioni ndiyo basi? Nimepigwa sokoni mimi. Vioo vya madirisha ya nyumbani nimevibadilisha mpaka fundi ananiita shemeji. Nilikuwa na mchumba, akarudisha pete kwa sababu nduguze hawakutaka kuitwa mashemeji wa Kipofu. Na wewe kila mwaka, hewani, na sauti hiyo yako!"

"Kwa nini hukusema? Neno moja tu!"

"Nilikuja hospitali kukwambia. Nafika mlangoni, daktari anakueleza kwamba hutacheza tena. Ulikuwa unatazama ukuta. Nikaona kwa siku hiyo inatosha. Nikasema nitakuja kesho." Alikaa juu ya kigoda cha kuwekea miguu, koti jeupe likagusa sakafu. "Kesho yake ukaanza kunitukana, na kadiri ulivyonitukana ndivyo nilivyoshindwa. Ningesema, ungebaki na nini? Nikakuchukia badala yake. Ilikuwa rahisi zaidi."

"Bado unanichukia?"

"Asubuhi, ndiyo. Mchana nina wateja wengi."

Komeo alicheka, kicheko kikageuka kilio, akakifuta kwa mkono wa suti yake. Kisha akasimama, na kama ile siku ya kwanza, akalivuta pazia hata pete zikalia. Wote waliokuwa wametega masikio wakajidai kuangalia fremu.

"Jamani! Siku ile nilisimama hapa nikawaambia mtu huyu haoni. Nilisema uongo. Yeye aliona, mimi sikuona. Anayetaka kunizomea azomee sasa, kisha aninyamazie, nina neno."

Mtu mmoja alizomea kidogo, akaona aibu, akaacha. Komeo akamgeukia mpima macho. Goti lilikuwa linamuuma, akasimama wima kama mtu anayengoja penalti.

"Nakupenda. Nakukera na nitaendelea kukukera, mama ameshakipaka rangi kiatu, na mji mzima haunitaki. Nataka unioe. Nauliza mara moja tu. Kama nimeotea, inua kibendera."

Mkononi mpima macho alikuwa na kitambaa chake cha kufutia lenzi, cha manjano. Kila mtu dukani alikitazama. Yeye alimtazama Komeo. Alisogea hatua moja kwa ubavu, mguu ukifukuza mwenzake, mpaka akawa naye sambamba, kama alivyofunzwa kufanya kabla ya kuamua lolote.

"Inua, bwana!" mzee mwenye kofia alipiga kelele. "Huyo mwanamke atakumaliza!"



Mpima macho alikikunja kitambaa mara mbili, akakitia mfukoni, akamwambia mteja anayefuata asubiri kidogo.